Kufundisha Watoto Maadili Wikendi Mtaani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Simu ninazopigiwa zinafanana. Mtu ameanzisha kipindi cha maadili cha wikendi, Jumapili ya kwanza wakaja watoto 60, Jumapili ya sita wamebaki 9, na hao 9 bado wanapigania mpira na kudanganya kuhusu chenji ya duka. Nimepigiwa kutoka Busia kwetu, upande wa Uganda kwenye mpaka na Kenya, kutoka Malaba, kutoka Jinja. Ninapouliza, "Jumapili iliyopita mlifanya nini?", jibu ni lile lile: mwalimu alisimama akaeleza ubaya wa wizi, watoto wakaitikia "ndiyo mwalimu", wakaenda nyumbani.

Hapo ndipo pa kurekebisha. Mtoto wa miaka 8 anajua tayari kwamba wizi ni mbaya. Asichokuwa nacho ni mazoezi ya kuamua wakati mkono uko karibu na pesa na hakuna anayetazama. Mwongozo huu unahusu mazoezi hayo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuita watoto

- Watu wazima wanne, wawili wanawake na wawili wanaume. Pungufu ya watatu, usianze.
- Mahali pa wazi penye kivuli, panapoonekana kutoka barabarani. Mwembe unatosha. Chumba chenye mlango wa kufungwa hakifai.
- Mikeka au maturubai, maana mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba zinaacha ardhi imelowa.
- Kaunta buku moja ya mahudhurio: jina la mtoto, umri, jina la mlezi, simu ya mlezi, na njia anayorudi nayo nyumbani.
- Dumu la maji lenye bomba, na sabuni.
- Beseni la plastiki, kitambaa safi cha kulifunika, kopo la bati lisilo na kifuniko, na vizibo vya soda kama 30.
- Mtaji mdogo wa mandazi 40 kila wiki. Nitaeleza kazi yake katika hatua ya 7.

Vipaza sauti, fulana zenye maandishi na bango la mlangoni si lazima. Nimeona vipindi vilivyomaliza pesa zote kwenye fulana.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa, iandikwe

Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Mweleze siku, saa, mahali na majina ya watu wazima wote, kisha mwombe barua yenye mhuri. Halafu nenda na barua hiyo kwa afisa maendeleo ya jamii wa sub-county yenu. Kwa kikundi kinachokusanya watoto wa watu kila wiki, ofisi hiyo lazima ikujue.

Kwa kila mtoto, mlezi atie sahihi au dole gumba kwenye kaunta buku. Mtoto aliyekuja mwenyewe siku ya kwanza mkaribishe, lakini mfuate nyumbani wiki hiyo hiyo. Utajifunza mengi kwa kukaa dakika kumi kwenye kibaraza cha mama yake.

Kuhusu saa: hapa kwetu kuna Wasabato wanaosali Jumamosi, kuna madrasa asubuhi za wikendi, na kuna ibada za Jumapili zinazofika saa 7 mchana. Jumamosi watoto wanafua sare na kuchota maji. Ndiyo maana sisi tunakutana Jumapili saa 8 mchana, tunamaliza saa 9 na nusu, ili wanaowahi swala ya Alasiri waiwahi bila kukimbia. Ukipanga saa inayogongana na dini ya mtu, umeshamwambia mtoto wake kwamba kipindi hiki si chake.

## Hatua ya 2: Wapime watu wazima kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyoniumiza mimi mwenyewe. Tulikuwa na mwalimu hodari wa maneno. Siku ya somo la kutimiza ahadi alifika amechelewa saa nzima, akasema barabara ilikuwa mbaya. Watoto wawili walikuwa wamemwona kwenye kibanda cha chapati akipiga stori. Hawakusema kitu mbele yake. Wiki iliyofuata mtoto aliyechelewa kuja aliniambia, kwa sauti ile ile, "Barabara ilikuwa mbaya."

Kabla ya kumpokea mtu, fanya haya matatu:

1. Pata watu wawili wanaomjua, mmoja akiwa mwanamke, wathibitishe kwamba wangemwachia watoto wao.
2. Muulize, "Mara ya mwisho ulipomwomba mtoto msamaha ilikuwa lini?" Asiyekumbuka hata mara moja, mshukuru, mwache aende.
3. Mpe kazi ndogo kwa wiki tatu: alete maji kwa wakati. Anayeshindwa maji atashindwa na watoto.

Kisha kuna sheria moja isiyo na mjadala. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, hakuna anayempakia mtoto kwenye bodaboda bila mlezi kujua, na hakuna picha ya mtoto inayowekwa mtandaoni. Iandike, wote waisaini. Atakayesema unamdharau, huyo hasa ndiye wa kukaa naye mbali.

## Hatua ya 3: Chagua mambo manne kwa muhula mzima

Wengi huandika orodha ya maadili 20 na kila wiki wanabeba moja. Mtoto anabaki na majina ya maadili, basi.

Chagua manne. Sisi huchukua ukweli, kutimiza ahadi, kugawana kwa haki, na kumlinda aliye dhaifu. Kila moja hukaa wiki tatu: wiki ya kwanza hadithi, ya pili mgogoro wa kuamua, ya tatu kazi ya mikono mtaani. Jumla ni wiki 12, zinazokaa vizuri ndani ya muhula mmoja wa shule.

Tafuta neno moja linalobeba yote manne kwa lugha wanazoongea nyumbani. Baganda, watu wa Buganda, wana *obuntubulamu*. Sisi tunasema utu. Waulize watoto Wasamia na Wateso wanasemaje nyumbani kwao, na uwaache wakufundishe. Mtoto anayesikia neno la bibi yake likitajwa mkekani hukaa wima.

## Hatua ya 4: Wagawe kwa namna wanavyofikiri

Umri hausemi yote, kwa hiyo tumia kipimo hiki. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, aliyechapisha kazi yake mwaka 1932, aliwasimulia watoto kisa cha watoto wawili. Mmoja amefungua mlango na kuvunja vikombe 15 bila kujua vilikuwa nyuma yake. Mwingine amevunja kikombe kimoja akipapasa kabatini kuiba jamu. Nani amekosea zaidi?

Wape kisa hicho kwa sahani za mama, mmoja mmoja. Watoto wadogo wengi watasema wa 15, kwa sababu hasara ni kubwa. Wakubwa zaidi watauliza alikusudia nini. Wanaotazama hasara waweke kundi moja, wanaotazama nia kundi la pili. Kundi la kwanza linahitaji hadithi fupi na michezo. La pili liko tayari kwa mabishano.

Usiwaambie kuna jibu sahihi. Mtoto akijua umempima, hatakwambia tena anachofikiri.

## Hatua ya 5: Mpangilio wa dakika 90

- Dakika 10: kunawa mikono, mahudhurio, salamu. Kila mtoto anaitwa kwa jina lake, na mwalimu anasimama kumsalimia.
- Dakika 15: mchezo wenye kanuni. Mpira wa majani ya migomba unafaa. Watoto wenyewe ndio marefa.
- Dakika 30: hadithi, mgogoro, au kazi, kulingana na wiki.
- Dakika 20: mandazi na maji.
- Dakika 15: ahadi ya wiki, kukunja mikeka, kuaga.

Mtu mzima asiongee zaidi ya dakika 5 mfululizo. Mpe mtoto mmoja mkubwa saa, ainue mkono muda ukipita. Mwanzoni wote tuliona ni adhabu. Sasa ndiyo kanuni ninayoitetea kuliko zote.

Kuhusu hadithi, kuna jambo lililonibadilisha. Mwaka 2014, watafiti waliokuwa na Kang Lee wa Toronto, Kanada, walitazama watoto wa miaka 3 hadi 7 baada ya kusomewa hadithi. Hadithi za mwongo aliyepata adhabu hazikupunguza uongo wao. Hadithi ya mtoto aliyekiri kosa na kusifiwa kwa kusema kweli ndiyo iliyosaidia. Kwa hiyo hadithi zetu za fisi na sungura usizimalizie kwenye kipigo tu. Simulia pia ile ambayo sungura amerudisha alichochukua na majirani wakampokea.

## Hatua ya 6: Kisa chenye fundo

Hiki ndicho kiini cha mwongozo, na ndipo watu wanapokata kona. Kisa chenye fundo ni hadithi fupi isiyo na mwisho, ambamo njia zote mbili zina gharama. "Je, ni vizuri kuiba?" si fundo. Hapa Busia fundo liko hivi:

*Mjomba amenunua kilo 10 za sukari upande wa pili wa mpaka. Anakuambia uivushe kwa njia ya panya, kwa sababu askari hawamkagui mtoto. Atakupa shilingi 2,000. Shuleni unadaiwa pesa ya mtihani, na mama hana. Utafanya nini?*

Soma mara mbili. Kisha chora mstari ardhini kwa fimbo. Atakayebeba asimame kushoto, atakayekataa kulia, asiyejua asimame juu ya mstari. Hakuna kucheka upande wa mtu.

Mara ya kwanza kwetu, kushoto walisimama 17 na kulia 6. Mwalimu mwenzangu alinitazama kwa hofu. Nilimfanyia ishara anyamaze. Tukauliza maswali manne, na ni haya tu tunayoyatumia kwa kila kisa:

1. Nani ataumia?
2. Ungekuwa wewe ndiye huyo, ungetaka nini?
3. Ungeweza kumweleza bibi yako ulichofanya, huku anakutazama?
4. Kuna njia ya tatu?

Kwenye swali la kwanza palikuwa kimya kirefu. Usikijaze. Mwishowe msichana wa P.5 (darasa la tano) aliyekuwa kushoto, mikono nyuma, akasema polepole, "Tukikamatwa, sukari iko kwangu. Mjomba yuko nyuma. Basi nani amekamatwa?" Akavuka mstari. Mvulana mmoja akamjibu, "Lakini mtihani?" Naye hakuvuka. Wakabishana, kweli kweli, bila matusi, mpaka dakika zikaisha. Kwenye swali la nne wakafika kwenye jambo ambalo sisi watu wazima hatukulifikiria: mtoto aende kwa mwalimu wa darasa na mama yake, waombe kulipa kidogo kidogo.

Kazi yako hapo ni tatu: kulinda zamu ya kuongea, kurudia alichosema mtoto kwa maneno yake mwenyewe, na kufunga kwa kusema wewe ungefanya nini na kwa nini. Ndiyo, sema. Watoto wanastahili kujua msimamo wako, ila uje mwisho, baada ya wao.

Onyo kubwa. Nyumba nyingi mpakani zinaishi kwa biashara ndogo za kuvusha bidhaa. Usiulize kamwe, "Nani kwao wanafanya hivi?" Kisa kinahusu mtoto wa hadithi. Siku utakayomfanya mtoto amshtaki baba yake mbele ya wenzake, umemvunjia nyumba na umefunga kipindi chako.

Utajua umefaulu ukiona mtoto amebadili upande na kueleza sababu, au amebaki upande wake na kueleza sababu. Wote wakivuka pamoja kwenda kulia kwa sababu umekunja uso, rudia kisa kingine wiki ijayo na uso wako ukiwa shwari.

## Hatua ya 7: Beseni la mandazi

Weka beseni lenye mandazi 40 chini ya mti, limefunikwa. Andazi moja shilingi 200. Pembeni weka kopo la bati lenye chenji. Waambie watoto bei, waambie kila mmoja atajichukulia na kujirudishia chenji, kisha watu wazima wote waondoke mita 20 na wageuze migongo. Msimwache mtu wa kuchungulia. Watoto watamwona, na zoezi litakuwa limekufa.

Mwisho hesabuni pamoja, kwa sauti. Wiki ya kwanza kwetu mandazi yote yaliondoka. Zilitakiwa shilingi 8,000, kopo lilikuwa na 6,200 ukiondoa chenji ya kuanzia. Nilisema namba hizo tu, nikauliza, "Mnadhani nini kimetokea?" Sikutaja neno wizi.

Walisema wenyewe: kuna waliokuja bila pesa, na njaa ilikuwepo. Hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeita kipimo cha uaminifu kitu ambacho kwa watoto kadhaa kilikuwa kipimo cha njaa. Wakapendekeza vizibo. Asiye na pesa atachukua kizibo kwenye mfuko wa kitambaa, atakitumbukiza koponi, achukue andazi. Kizibo ni neno la kweli: "Nimekula, sina."

Wiki ya pili kopo lilikuwa na shilingi 6,400 na vizibo 6. Vizibo 6 ni shilingi 1,200, jumla 7,600. Upungufu ulishuka kutoka 1,800 hadi 400.

Mambo ya kuangalia:

- Vizibo vilipwe na mfuko wa kipindi. Kuna aliyependekeza waliotumia vizibo wafagie. Nilikataa. Maskini asilipishwe kwa aibu yake.
- Chenji koponi isizidi shilingi 3,000. Tuliwahi kupoteza kopo zima.
- Upungufu ukiongezeka, usipekue mifuko. Punguza mandazi wiki inayofuata hadi mtaji uliobaki, na waeleze kwa nini. Waione hesabu, waihisi tumboni.
- Upungufu ukifika sifuri, msitoe peremende kama zawadi. Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2008 kwamba hata watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kwa kusaidia walisaidia kidogo zaidi baadaye, zawadi zilipokoma. Sema "Hesabu imetimia, asanteni," kisha endeleeni.

## Hatua ya 8: Ahadi inayokwenda nyumbani

Kila mtoto anachagua tendo moja dogo la wiki, linaloonekana kwa macho. "Nitakuwa mkweli" halihesabiki. "Nikitumwa dukani nitaweka chenji yote mezani kabla ya kuongea" linahesabika. Mtoto alitamke mbele ya kundi, mwalimu aliandike.

Mwombe mlezi jambo moja tu: mtoto akitimiza, aseme amemwona. Wengine watakuletea mashtaka, "Mwalimu, umchape huyu." Wasikilize kwa heshima, waite mama, baba, jaja (bibi au babu), na uwaeleze kwamba kipindi si mahali pa kupelekea adhabu.

Wiki ya kazi ya mikono fuateni bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya mtaa ambayo wazee bado wanaikumbuka: kusafisha njia ya kisima, kumchotea maji mzee anayeishi peke yake. Ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, na msiende zaidi ya watoto 8 kwa nyumba moja.

## Hatua ya 9: Mtoto anapokosea, na anapofungua moyo

Hakuna fimbo. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamekataza adhabu ya viboko katika shule za Uganda, na kipindi chako kisiwe nyuma ya shule. Tena fimbo haifanyi kazi hii. Victoria Talwar na Kang Lee, mwaka 2011, walilinganisha watoto wa miaka 3 na 4 katika shule mbili za Afrika Magharibi. Wale wa shule ya viboko walidanganya zaidi, na walijua kuushikilia uongo wao vizuri zaidi.

Badala yake tumia maneno matatu kwa mfuatano: nini kimetokea, nani ameumia, utarekebishaje. Aliyechana daftari la mwenzake analigundisha, akiwa amekaa naye. Mazungumzo yafanyike pembeni, lakini mahali mnapoonekana.

Siku moja mtoto atakuambia jambo zito la nyumbani au la njiani. Usiahidi siri. Sema, "Umefanya vizuri kuniambia, nitatafuta wa kutusaidia." Usimhoji mara mbili mbili, usiende kumkabili anayetajwa. Piga 116, namba ya watoto isiyolipiwa, au nenda kituo cha polisi, kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Namba hiyo iandikwe kwenye jalada la kaunta buku yako.

## Hatua ya 10: Pima bila mtihani

Usiwape watoto karatasi ya maswali. Watakuandikia unachotaka. Tazama mambo haya wiki ya 1, ya 6 na ya 12, uyaandike:

Hesabu ya kopo. Idadi ya mizozo ya mpira iliyomalizwa na watoto wenyewe bila kuitwa mtu mzima. Idadi ya ahadi ambazo walezi wamesema wameziona. Idadi ya watoto waliorudi baada ya kukosa wiki mbili, hii ni muhimu, maana mtoto aliyekosea na akarudi ameamini kwamba kuna nafasi ya kurekebisha.

Mahudhurio yakishuka wiki ya 3 au ya 4, usiogope. Waliofuata mandazi na mpira mpya wanapungua wakati huo. Watembelee. Yakishuka wiki ya 8, tatizo ni lenu, na mara nyingi ni mtu mzima mmoja anayechelewa au anayefoka. Rudi hatua ya 2.

Shule zikifunga, watoto wengi watapelekwa vijijini. Fungeni nanyi, msilazimishe. Siku ya kurudi, kabla ya hadithi na kabla ya mchezo, weka beseni chini ya mti, weka kopo, weka vizibo, na mgeuze migongo.